Mawakala watano kwenye kinu cha sembe: tathmini baada ya kuutumia mfumo msimu mzima

Nianze na hukumu, maana najua wengi mnatafuta hiyo tu. Kwa kazi za ndani ya kinu, mfumo huu wa kompyuta wa kupanga ununuzi, usafiri na mauzo unastahili hela yake. Kwa kupatana bei na madalali, msiulipie hata senti.

Mimi na kaka yangu tuna kinu Manzese, Dar es Salaam. Tunakoboa na kusaga sembe, na dona kidogo, tunapakia viroba vya kilo 5, 10 na 25, tunauzia maduka ya Mbagala mpaka Kimara pamoja na shule kadhaa za bweni. Pumba zinachukuliwa na wafugaji. Mahindi yetu mengi yanatoka soko la Kibaigwa, Dodoma, na bei ikiruhusu tunafuata mpaka Sumbawanga. Kaka anashughulika na mashine na mafundi. Mimi nilisomea ununuzi na ugavi, kwa hiyo mzigo, magari na madaftari ni vyangu. Jina la mfumo sitaliandika: tumeuchukua kwa bei ya majaribio na tuliandikiana kwamba jina halitoki mpaka wauzindue. Lakini sifa na kasoro nitakazozieleza, anayetafuta huduma ya aina hii atazikuta kwa wengi.

Ukiufungua unakuta mawakala watano. Ni programu, si watu. Kuna wa ununuzi, wa usafiri, wa stoo, wa kinu na wa mauzo. Kila mmoja kapewa lengo lake na taarifa zake, na kila mmoja anavuta kamba upande wake. Wa ununuzi anataka mahindi ya bei ya chini. Wa usafiri hataki gari litembee tupu. Wa kinu hataki mashine isimame, wala iwashwe kwa mzigo wa kuchezea. Wa mauzo anaogopa duka likaukiwe. Wa stoo ni bahili wa nafasi, hataki kuona gunia limelala kwenye korido. Jioni tukishafunga hesabu wanaanza kujadiliana, na ikifika saa mbili usiku napata kwenye simu mpango wa kesho na wa wiki nzima. Naukubali, naukataa, au naurudisha na sababu.

Kazi wanagawana kwa mtindo wa zabuni. Mmoja anatangaza kazi, wanaoiweza wanaleta ofa, mwenye kazi anachagua na kumfunga aliyeshinda kwa ahadi. Sio uvumbuzi wa juzi. Mtafiti Reid Smith aliuandika utaratibu huo mwaka 1980, akifikiria kompyuta nyingi zinazopaswa kugawana kazi bila bosi mmoja wa kuzipangia kila kitu. Kipya ni kwamba siku hizi, kwa sababu ya akili mnemba, mazungumzo yao yanaandikwa kwa Kiswahili na unaweza kuyasoma mstari kwa mstari. Mimi nayasoma kila usiku. Kaka anasema nimeacha tamthilia.

Chukua usiku mmoja wa mwezi wa tano. Wa ununuzi alikuja na mahindi ya Sumbawanga kwa shilingi 520 kilo. Kibaigwa siku hiyo ilikuwa 610. Mtu wa haraka hapo ameshatuma hela Sumbawanga. Wa usafiri akaingia: Sumbawanga ni zaidi ya kilomita elfu moja, nauli ya semi, lori kubwa la tela, inaangukia shilingi 130 kwa kilo, na kwa fuso ni hasara tupu. Kibaigwa ni shilingi 45, tena ana fuso inayopandisha saruji Dodoma kesho ambayo itarudi haina kitu. Kwa hiyo 650 dhidi ya 655. Tofauti ya shilingi tano. Hapo wa stoo akasema semi ina tani 30 na yeye ana nafasi ya tani 22, nane zitalala wapi? Wa kinu akaongeza kwamba anasaga tani nne kwa siku, mahindi yaliyopo yanaisha baada ya siku mbili, na semi ya Sumbawanga haiwezi kuwa imefika. Wakamaliza kwa fuso mbili za Kibaigwa, ya pili ikipishana na ya kwanza kwa siku mbili ili stoo ipumue.

Uamuzi huo hata mimi ningeufikia. Tatizo ni kwamba zamani ningeufikia baada ya kumpigia dereva, kumtafuta mtunza stoo ambaye simu yake haina chaji, na kugombana na kaka ambaye kila siku mashine zake "ziko vizuri" mpaka belti ikatike. Sasa mabishano yote yako sehemu moja, na yameshaisha kabla sijala chakula cha usiku.

Jambo lililonifanya nisaini ni lingine, nalo wenye vinu na wauzaji wa jumla walisikilize vizuri. Chuoni tulichezeshwa mchezo wa bia, ule uliobuniwa chuo kikuu cha MIT kule Marekani miaka ya 1960. Watu wanne wanakaa kwenye mstari: muuzaji wa rejareja, wa jumla, msambazaji na kiwanda. Kila mmoja anaona oda ya jirani yake tu, na mzigo unachelewa njiani. Mteja wa mwisho akiongeza mahitaji kidogo, kufika kiwandani oda zimeshakuwa mlima, na baada ya wiki chache kila mmoja kajaza ghala asijue pa kupeleka. Procter & Gamble waliyaona hayo kwenye nepi za Pampers: watoto wanatumia nepi kwa kiwango kilekile, ila oda za kwenda kwa wenye viwanda zinapanda na kushuka kama homa.

Kwenye sembe ndiyo kila mwaka. Januari na Februari, kabla mahindi mapya hayajaingia, bei inapanda. Mwenye duka Mbagala akisikia "sembe inaadimika" anaagiza viroba ishirini badala ya vinane. Jirani yake anafanya hivyohivyo. Sisi tukiona oda zimejaa tunakimbilia mahindi kwa bei yoyote. Miezi miwili baadaye mahindi mapya yanashuka, maduka bado yana viroba vya kwanza, na sisi tuna stoo iliyojaa mahindi ya bei ya juu.

Wakala wa mauzo hahesabu oda, anahesabu sembe iliyotoka dukani. Kila Jumatatu na Alhamisi anatuma ujumbe: "Viroba vya kilo 25 vimebaki vingapi?" Mwenye duka anajibu kwa namba tu. Akiagiza ishirini wakati anauza vinane kwa wiki, wakala haikatai oda yake. Anampangia kumi sasa na kumi wiki ijayo, na kwa upande wa ununuzi anapeleka mahitaji halisi, siyo hofu. Msimu huu ndiyo mara ya kwanza tumevuka mwezi wa nne bila mlima wa mahindi ya gharama.

Lakini mfumo haukuweza kuwashawishi wenye maduka, hiyo kazi niliifanya kwa miguu. Wa kwanza aliniambia mbele ya wateja wake, "Mama, mnataka kujua mauzo yangu ya kila wiki ili iweje? Mpeleke kwa watu wa kodi?" Ikabidi nikae kwenye kreti la soda nimweleze kwamba nahesabu sembe yangu, siuhesabu mfuko wake. Wengine walikubali nilipowaahidi kwamba anayejibu ujumbe hufikishiwa mzigo kwanza kukiwa na upungufu. Wapo mpaka leo hawajibu. Kwa hao wakala anakisia, na anakisia vibaya. Muuzaji wa mfumo alipokuja kutuonyesha hakugusia kabisa sehemu hii, kana kwamba taarifa zinaota zenyewe.

Kalenda nayo iliniudhi. Mfumo unajifunza kutoka mwaka uliopita, na ulipangwa na mtu anayefikiria kwa miezi ya Januari hadi Desemba. Ramadhani hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, na kwetu mwezi ule sembe hushuka kwa sababu jioni watu wanakula mihogo, viazi, tambi na uji, ugali unasubiri. Wakala akatulia akisubiri mshuko tarehe zilezile za mwaka jana. Nilipowauliza, kijana wao wa kufunga mifumo akanijibu kwa upole, "Mama, hilo unaliandika mwenyewe kwenye kanuni." Niliandika, na wakala alielewa vizuri. Ila kampuni inayouza mfumo wa chakula Dar es Salaam na haijui Ramadhani inahama, hiyo ni ya kushangaza. Ufunguzi wa shule ndio ulinyooka kwa sababu niliuandika pia kabla haujatuumiza.

Unyevu ni sehemu niliyoipenda kuliko nilivyotarajia. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Wa ununuzi mwanzoni alikuwa anapanga wauzaji kwa bei tu, na mahindi mabichi siku zote yana bei tamu. Ukinunua tani kumi zenye asilimia 16, yakikauka mpaka 13.5 umepoteza karibu kilo 290, yaani umenunua maji na kuyalipia nauli. Niliingiza kipimo kama sharti, na tangu hapo anabadilisha kila ofa kuwa bei ya mahindi makavu kabla ya kulinganisha. Hata dalali akileta picha ya mahindi meupe yanayong'aa, anajibiwa kwa swali la unyevu. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, ni suala la kupimwa kwa vipimo, hakuna programu ya kunusa, na baada ya Kenya kuzuia mahindi yetu na ya Uganda Machi 2021 kwa sababu hiyohiyo, sielewi kwa nini waliotengeneza hawakuweka nafasi ya kuandika matokeo ya kipimo. Tunayaandika kwenye sehemu ya "maoni", ambayo hakuna wakala anayeisoma.

Kwa upande wa barabara sina ugomvi mkubwa. Wa usafiri anaijua sheria ya Afrika Mashariki ya uzito wa magari, mzigo na ekseli zake, na hakubali kaka aongeze "gunia tano tu, barabara nyeupe". Tangu tuanze hatujashushiwa mzigo pale mizani ya Vigwaza. Kaka anasema ni bahati. Mimi nasema ni kwamba hawezi kubishana na kitu kisichopokea simu.

Sasa nje ya geti, ambako mfumo ulitangazwa kwa mbwembwe kuliko kote.

Kuna kifurushi cha ziada kinachomruhusu wa ununuzi apatane bei na wauzaji moja kwa moja kwa ujumbe wa simu. Walituletea mfano wa Walmart, kampuni ya Marekani ya maduka makubwa, na mfano wenyewe ni wa kweli. Mwaka 2021 kule Kanada walijaribu programu ya kampuni ya Pactum kwa wauzaji 89 wa vitu visivyouzwa madukani, kama vitoroli na huduma za magari. Walilenga kufikia makubaliano na asilimia 20 yao, wakapata asilimia 64, kwa wastani wa siku 11. Nikavutiwa. Ila wale wauzaji walikuwa wanajaza majibu kwenye ukurasa, kila kitu kiko kwenye mkataba, na mazungumzo yalihusu mambo kama punguzo na muda wa kulipa. Soko la mahindi halina ukurasa.

Hivi ndivyo ilivyokuwa siku ya kwanza, nimenakili kutoka kwenye kumbukumbu. Wakala: "Habari. Tunaomba bei ya mahindi meupe, tani 20, unyevu usiozidi asilimia 13.5, kuchukuliwa Jumatano." Dalali: "Salama dada, za nyumbani? Mzigo upo, tena mzuri." Wakala: "Tafadhali taja bei kwa kilo." Dalali: "Bei sio tatizo dada yangu, tutaelewana." Wakala: "Tafadhali taja bei kwa kilo." Dalali hakujibu tena, akanipigia. "Dada, simu yako imeibiwa? Kuna mtu anaongea na mimi hata salamu haitiki."

Walirekebisha, wakamfundisha wakala kuitikia salamu na kuuliza habari za watoto. Ikawa mbaya zaidi, kwa sababu dalali akiulizwa watoto anaeleza, na wakala anaanza kuichukua "homa ya siku tatu" kama sababu ya kuchelewa kwa mzigo. Halafu mwingine, mjanja, akagundua kwamba ukimwambia wakala "nina mteja mwingine anapakia saa hizi" anaongeza shilingi kumi kwa kilo. Kila mara. Yeye anaamini anachoambiwa. Mtu wa soko angejibu "haya, mwache apakie, mimi nipo" na kunyamaza mpaka kesho asubuhi. Wale mawakala watano wanapojadiliana wenyewe hakuna anayedanganya, kwa sababu wote wanasoma daftari moja, na ndiyo maana wanaelewana haraka. Nje kila mmoja ana daftari lake na halifungui.

Tukio la oda mbili pia lilitoka huku. Simu ya dalali haikuwa na mtandao, wakala hakupata jibu, akatuma tena. Mtandao uliporudi ziliingia zote mbili. Nikapigiwa: "Dada, fuso ya pili naipakia kwa jina lako au?" Bahati yetu yule ni mtu wa kuuliza. Mwingine angepakia na kutuma lori, na gharama ya kulirudisha mngeisikia huku. Sasa kila oda ina namba, na ujumbe ukirudiwa unabeba namba ileile. Jambo dogo hilo lingekuwepo tangu siku ya kwanza.

Kasoro kubwa kuliko zote, hata hivyo, iko ndani. Mawakala ni watano na hakuna wa fedha. Karibu na ufunguzi wa shule walitengeneza mpango mzuri ajabu: semi moja na fuso mbili kwa wiki, stoo imepangiliwa, zamu za usiku zipo, kila shule inafikiwa. Hesabu yake ilikuwa zaidi ya milioni 32. Akaunti haikuwa nazo. Wa mauzo alikuwa anahesabu sembe iliyopelekwa shule kama hela iliyoingia, wakati shule hulipa wazazi wakishalipa ada, na wa ununuzi alidhani mahindi yanakopeshwa siku thelathini. Kibaigwa gari haliondoki hujalipa. Mkono mtupu haulambwi. Niliukataa mpango, nikaandika sababu, kesho yake wakaniletea mwingine mzuri vilevile na wenye gharama ileile. Ikabidi niweke kikomo kwa mkono: mpango wowote unaozidi kiasi fulani kwa wiki haupiti bila kidole changu. Kikomo hicho nakibadilisha kila Ijumaa baada ya kuangalia benki na simu. Kazi hiyo ilipaswa kuwa ya mashine.

Bei. Kifurushi cha msingi ni laki mbili na nusu kwa mwezi, na cha kupatana bei kinaongeza laki moja na nusu. Kufunga na kufundisha wafanyakazi kulikuwa ndani ya ofa. Msaada wa simu unapokelewa mpaka saa kumi na mbili jioni, ilhali mawakala wanafanya kazi usiku. Hilo nimelilalamikia kwa maandishi. Umeme au intaneti vikikatika, mpango wa mwisho unabaki kwenye simu na unaweza kuendelea nao, hapo walifikiria vizuri.

Kama una fuso moja, dalali mmoja na maduka kumi, daftari linakutosha, usijitwike mzigo. Ukiwa na magari mawili na kuendelea, zaidi ya chanzo kimoja cha mahindi, na maduka ambayo huwezi kuyazungukia yote kwa wiki, chukua kifurushi cha msingi. Kabla ya kusaini waulize mambo matatu: nani anaangalia fedha, nini kinatokea ujumbe ukirudiwa, na kama unaweza kusoma mabishano ya mawakala au unaletewa majibu tu. La tatu wakikataa, ondoka, kwa sababu siku mpango ukiwa mbovu hutajua umkemee nani.

Nimewapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Mkataba wa msingi nimeurefusha mpaka mwisho wa mavuno yajayo. Kifurushi cha kupatana bei nimekirudisha, na madalali napiga nao simu mwenyewe asubuhi, baada ya kusoma wale watano walikubaliana nini usiku. Kampuni imeahidi wakala wa fedha kabla ya shule kufunguliwa Januari. Akija nitaandika tena hapa.